Fahamu Jinsi Vituo Vidogo vya Treni ya Mjini Vinavyofanya Kazi Bila Mtumishi

Treni ya abiria wa mjini ilipoanza kutoa huduma jijini Dar es Salaam tarehe 29 Oktoba, 2012, miongoni mwa vituo vyake vilikuwamo Kwa Fundi Umeme, Kwa Limboa, Mtoni Relini, Buguruni kwa Mnyamani na Ubungo Maziwa. Hayo si majina ya stesheni kubwa zenye saa ukutani na madirisha ya tiketi. Ni majina ya mitaani, ambayo wakazi huyatumia kuelekezana njia, na treni ilipofika iliyachukua kama yalivyo.

Vituo vya aina hiyo huzaliwa kwa namna inayofanana. Mahali ambapo reli inapita karibu na makazi ya watu huwekwa kibao, hutengewa dakika moja au mbili katika ratiba ya treni, na kuanzia hapo huitwa kituo. Vipo vinavyowekewa wauza tiketi wakati wa safari, na vipo ambavyo havina mtumishi yeyote kuanzia alfajiri hadi usiku. Abiria hufika, husubiri, hupanda na kuondoka. Treni ikishapita, mahali hapo hubaki na watoto wa shule, wauza vitafunwa na watu wanaokatisha reli kurudi nyumbani.

Katika stesheni yenye watumishi, yupo mtu wa kumzuia mtoto asikatishe reli wakati treni inakuja, wa kumweleza mzee kwamba treni imechelewa, na wa kutoa taarifa anapoonekana mtu akifungua boliti za reli. Kwenye kituo kisicho na mtumishi, kazi hizo hazifutiki. Hugawanywa kwa watu wengine, na sehemu moja huangukia mikononi mwa mwananchi mwenyewe, mara nyingi bila yeye kufahamu. Ni muhimu kila anayetumia vituo hivyo, au anayeishi jirani navyo, kuelewa mgawanyo huo ulivyo.

Reli iliyotangulia mitaa

Ili kuelewa sababu ya vituo hivyo kuwa vidogo, ni vema kukumbuka kwamba reli zilizopo Dar es Salaam hazikujengwa kwa ajili ya safari za mtaa kwa mtaa. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani, ukafika Kigoma mwaka 1914. Lengo lilikuwa kuunganisha bandari na bara. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 ili kuipatia Zambia njia ya kufika baharini. Katika njia za namna hiyo, stesheni hupangwa mbalimbali, kwa kuzingatia mahitaji ya treni za masafa marefu na mizigo.

Mji ndio uliozifuata reli. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya wakazi hao wanaishi katika maeneo ambayo reli ilipojengwa yalikuwa mashamba na mapori. Serikali ilipoamua kutumia njia hizo kupunguza adha ya usafiri, chini ya Wizara ya Uchukuzi iliyoongozwa wakati huo na Dkt. Harrison Mwakyembe, ambaye wananchi waliipa treni hiyo jina lake, ilibidi kupata mahali pa kusimama katikati ya stesheni za zamani. Ndipo vikapatikana vituo vya Mabibo, Yombo, Kigilagila na vinginevyo. Mwaka 2016 huduma ya reli ya mita moja ilifikishwa pia Pugu, umbali wa takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji.

Jambo jingine lililorithiwa ni upana wa njia. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA milimita 1,067. Tofauti hiyo ya milimita 67 inatosha kuzuia behewa la njia moja kupita katika njia nyingine. Kwa sababu hiyo huduma za mjini zilianza zikiwa mbili, kila moja ikiwa na treni zake na vituo vyake: moja chini ya kampuni ya reli ya wakati huo, TRL, na nyingine chini ya TAZARA, mamlaka inayomilikiwa kwa pamoja na Serikali za Tanzania na Zambia. Katika miaka iliyofuata, safari za njia hizo zimeongezwa, zimepunguzwa na wakati mwingine kusimama kwa muda, kulingana na hali ya vichwa vya treni, mabehewa na njia yenyewe.

Tofauti ya stesheni na kituo cha kusimama

Wananchi wengi huyatumia maneno stesheni na kituo kwa maana moja. Katika uendeshaji wa reli, hata hivyo, kuna tofauti inayogusa usalama.

Katika reli ya njia moja, treni mbili haziwezi kupishana mahali popote zinapokutana. Hupishana penye njia ya pembeni tu, ambako moja huingia na kusubiri nyingine ipite. Kwa hiyo njia yote hugawanywa katika vipande, na kila kipande huanzia stesheni moja hadi nyingine inayofuata. Treni hairuhusiwi kuingia katika kipande kabla ya kuthibitishwa kwamba hakuna treni nyingine ndani yake. Anayehusika na kibali hicho, pamoja na ishara na mitambo ya kubadilishia njia, ni mkuu wa stesheni au mwongozaji wa treni aliye katika chumba cha udhibiti.

Kituo cha kusimama tu kipo katikati ya kipande. Hakina njia ya pembeni, hakina mitambo ya kubadilishia njia, wala hakitoi kibali. Treni inayosimama hapo tayari imekwishapewa ruhusa ya kupita kipande kizima, na hakuna treni nyingine inayoweza kuruhusiwa kuifuata au kuikabili hadi itoke. Kutokuwapo kwa mtumishi katika kituo hicho, kwa hiyo, hakumaanishi kwamba treni zinajiendea bila usimamizi. Usimamizi upo, ila umewekwa katika stesheni mbili zilizo kila upande wa kituo hicho.

Suala la gharama nalo lina nafasi yake. Kituo ambacho treni hufika asubuhi na jioni pekee, na kupakia abiria wa mtaa mmoja, kikiwekewa watumishi wa zamu mbili, walinzi na ofisi, kinaweza kutumia fedha nyingi kuliko nauli inayopatikana hapo. Mara nyingi uamuzi huwa kati ya kituo kisicho na mtumishi na kutokuwa na kituo kabisa.

Mataifa yenye mitandao mikubwa ya reli yamepitia njia hiyo hiyo. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1960, njia nyingi za vijijini zilifungwa kwa sababu ya hasara. Njia ya East Suffolk ilinusurika baada ya uendeshaji wake kurahisishwa: watumishi waliondolewa katika vituo vidogo, na tiketi zikaanza kuuzwa ndani ya treni. Hadi leo vipo vituo nchini humo ambavyo treni haisimami mpaka abiria ampungie dereva mkono, na vipo vingine ambavyo wakazi wamejitolea kuvifagia na kuvipanda maua. Nchini Japani, katika njia nyingi za vijijini, dereva ndiye mtumishi pekee wa treni, na abiria humlipa wakati wa kushuka.

Kazi za mtumishi zinakokwenda

Kazi ya kwanza inayohamishwa ni ya tiketi, ambayo hufanywa na wahudumu ndani ya mabehewa. Hali hiyo inamtaka abiria awe na nauli kamili mkononi. Inamtaka pia adai tiketi yake, kwa kuwa tiketi ndiyo ushahidi kwamba amesafiri kihalali. Umuhimu wake ni zaidi ya hapo. Katika kituo kisicho na mtumishi hakuna anayehesabu watu wanaopanda, na tiketi zilizouzwa ndizo zinazoonesha ni wangapi wanakitumia. Abiria anayelipa bila kupokea tiketi, au anayekwepa nauli, anakiondoa kituo chake katika hesabu. Siku ratiba inapopitiwa upya, kituo chenye abiria mia kinaweza kuonekana kuwa na abiria thelathini.

Kazi ya pili ni ya kuruhusu treni iondoke. Katika stesheni, mtumishi wa jukwaani hushirikiana na gadi kuhakikisha kwamba kila mtu amekwishapanda au kushuka. Katika kituo kidogo, gadi hubaki na jukumu hilo peke yake. Akiwa upande mmoja wa treni, si rahisi aone kila mlango, hasa pale njia inapokunja kona au watu wanaposongamana. Abiria anayedandia treni ikiwa imekwishaanza kuondoka anafanya hivyo mahali ambapo pengine hakuna anayemwona.

Kazi ya tatu ni ya ukaguzi wa njia, ambayo hufanywa na mafundi wa genge la reli. Hao hutembea kwa miguu wakikagua boliti, mataruma, kokoto na mifereji, na kurekebisha kasoro kabla hazijawa ajali. Genge hupita na kuendelea mbele. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, macho yaliyopo kituoni saa zote ni ya wakazi.

Kazi ya nne, ya kutoa taarifa, ndiyo inayopungua zaidi. Treni ikichelewa, hakuna wa kutangaza. Mama mwenye biashara Kariakoo, anayeshuka Kamata kila asubuhi, asipojua kama treni itachelewa dakika kumi au saa nzima, atalazimika kuamua mwenyewe kati ya kusubiri na kutafuta daladala. Namba za simu za huduma kwa wateja na kurasa rasmi za mashirika ya reli husaidia, lakini kibao kituoni chenye ratiba, namba ya dharura na jina la kituo lililoandikwa kwa herufi kubwa bado hakijapata mbadala. Kibao hicho kikibandikwa matangazo ya biashara au kikang'olewa, kituo kinapoteza kinywa chake pekee.

Hatari zinazobaki

Pamoja na mgawanyo huo, zipo hatari ambazo hakuna mtumishi wa mbali anayeweza kuziondoa.

Ya kwanza ni umbali ambao treni huhitaji ili isimame. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko kama wa tairi juu ya lami. Ndiyo sababu kichwa kimoja kinaweza kuvuta mzigo mzito kwa mafuta kidogo, na ndiyo sababu pia dereva aliyefunga breki zote hawezi kuisimamisha treni hapo hapo. Treni ndefu iliyo katika mwendo huhitaji mamia ya mita. Dereva anayemwona mtoto relini umbali wa mita hamsini amebakiwa na honi tu, kwa kuwa treni haiwezi kukwepa.

Ya pili ni dhana kwamba treni iliyosimama haina hatari. Watu huvuka mbele au nyuma yake, wengine hupita chini ya mabehewa. Pale ambapo njia mbili zimepakana, treni iliyosimama humzuia mtu kuona na kusikia inayokuja upande wa pili. Suala hilo limepata uzito mpya tangu treni za umeme za reli ya kisasa, SGR, zilipoanza safari za abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni, 2024. Treni hizo zimesanifiwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa, na hazina mngurumo wa injini ya dizeli ambao wakazi waliuzoea kuwa onyo. Juu yake zipo nyaya zenye umeme wa kilovolti 25. Uzio uliowekwa kando ya njia hiyo haupaswi kutobolewa kwa ajili ya njia ya mkato, hata kama kituo cha zamani kinaonekana upande wa pili.

Ya tatu ni urefu wa ngazi. Sakafu ya behewa huwa takriban mita moja juu ya reli. Palipo na jukwaa, tofauti hiyo ni ndogo. Pasipo na jukwaa, abiria hupanda kutoka juu ya kokoto zinazoteleza. Kwa kijana ni hatua tatu. Kwa mjamzito, mzee, mtu mwenye ulemavu au mama aliyebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, ni kizuizi kinachoweza kumfanya aache kutumia treni. Hapo msaada wa abiria mwenzake aliye mlangoni ndio unaochukua nafasi ya mtumishi.

Ya nne ni giza. Dar es Salaam, jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, muda ule ule ambao watu wengi wanarejea kutoka kazini. Kituo kisicho na taa hakimwoneshi abiria pa kukanyaga, wala hakimpi usalama dhidi ya wahalifu. Taa moja ya barabarani iliyowekwa na halmashauri, au balozi wa nyumba kumi aliyehamasisha majirani kuwasha taa zinazoelekea relini, huweza kubadili hali hiyo kuliko tangazo lolote.

Hifadhi ya reli na wizi wa vifaa

Sheria ya Reli Na. 10 ya mwaka 2017, ambayo ndiyo iliyoanzisha Shirika la Reli Tanzania la sasa, inalinda miundombinu ya reli pamoja na eneo la hifadhi lililo kando yake. Wananchi wengi wanalitambua eneo hilo kwa alama ya X inayochorwa kwenye nyumba na vibanda vilivyojengwa ndani yake. Hifadhi hiyo ina kazi tatu: humpa dereva nafasi ya kuona mbele, huwapa mafundi mahali pa kufanyia kazi, na hupitisha maji ya mvua yasikae chini ya njia.

Katika vituo vidogo, hifadhi huvamiwa taratibu. Huanza meza ya nyanya, hufuata kibanda cha chipsi, kisha banda la mabati, kwa sababu penye abiria pana wateja. Biashara hizo ni riziki za watu na zinakipa kituo uhai. Zikivuka mpaka, hata hivyo, humziba dereva macho, na mteja anayehesabu chenji hujikuta amesimama relini. Takataka zinazotupwa nyuma ya vibanda huziba mifereji. Maji yasipopata pa kwenda hupenya kwenye tuta, kokoto huchanganyika na tope, na reli hulegea. Madhara hayo huonekana wakati wa masika, pale treni inapolazimika kupunguza mwendo au kusitisha safari.

Uharibifu mwingine ni wa makusudi. Boliti, vibanio na mataruma ya chuma huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Anayeviiba hupata fedha kidogo kwa kilo. Abiria walio ndani ya mabehewa huweza kulipa kwa maisha yao, kwa kuwa reli isiyoshikiliwa vizuri hutanuka treni inapopita, na magurudumu huanguka ndani. Kituo kisicho na mtumishi, kilicho pembezoni na chenye giza, ndicho mahali rahisi kwa wizi huo. Mnunuzi wa chuma chakavu anayepokea kifaa cha reli bila kuuliza kimetoka wapi naye anashiriki katika kosa.

Sehemu ya mwananchi

Yapo mambo ambayo mkazi wa jirani na kituo anaweza kuyafanya bila gharama yoyote. Anaposubiri treni, asimame mbali na reli, kwa kuwa behewa ni pana kuliko njia na hutokeza nje pande zote mbili. Avuke penye kivuko kilichowekwa, baada ya kutazama pande zote na kuondoa vipokea sauti masikioni. Asubiri treni isimame kabisa kabla ya kupanda au kushuka. Akiona boliti zilizofunguliwa, taruma lililong'olewa, maji yaliyochimba tuta au mtu asiyeeleweka akifanya kazi relini usiku, atoe taarifa mara moja kwa stesheni iliyo karibu, kituo cha polisi au ofisi ya serikali ya mtaa.

Wenyeviti wa mitaa wana nafasi ya kipekee. Mkutano wa mtaa unaweza kupanga siku ya kusafisha mifereji kwa kushirikiana na mafundi wa reli, kuwaelekeza wafanyabiashara mahali pa kuweka meza zao, na kuwasilisha maombi ya taa au kivuko kwa maandishi. Walimu wa shule zilizo kando ya reli wanaweza kuwapanga wanafunzi wavuke kwa makundi, wakiongozwa na wakubwa wao. Malalamiko kuhusu huduma, nauli au usalama wa safari yanaweza pia kupelekwa kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019.

Kwa upande wao, mashirika ya reli yanabaki na wajibu ambao hauwezi kuhamishiwa kwa mwananchi: kutunza njia, kuweka vibao na vivuko, kufunza watumishi wa ndani ya treni na kutoa taarifa za safari kwa wakati. Mkazi anayetimiza sehemu yake ana haki ya kudai sehemu hiyo pia.

Kituo cha namna hii hufungwa kirahisi kuliko stesheni kubwa. Hakina jengo la kubomolewa wala watumishi wa kuhamishwa. Inatosha kukiondoa katika ratiba, na asubuhi inayofuata treni itapita bila kusimama. Watakaogundua kwanza ni wale waliokuwa wakiamka saa 11 alfajiri kuiwahi.